Wimbo Ule ni wa Chama?

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa chama katika mtaa wetu wa Katuba, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuufurahia uenyekiti kuliko yeye. Watu walimwita Papa Prezida, naye akiitwa hivyo aligeuka mwili mzima, si shingo tu, ili aliyemwita apate kumwona vizuri. Alizaliwa Mitwaba, akaletwa Lubumbashi akiwa mtoto, babu alipopata kazi ya reli. Yeye pia alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Baada ya hapo chama kikawa ndiyo kazi yake, ndiyo starehe yake, na ndiyo sababu ya kuvaa koti hata siku za joto kali.

Chama kilimpa kipaza sauti cha kushika mkononi kwa ajili ya mikutano. Yeye alikitumia kwa kila kitu. Alitangaza chanjo, alitangaza mbuzi aliyepotea, alitangaza maji yaliporudi bombani. Siku moja alitangaza kwamba bukari, ugali wetu, imeiva nyumbani kwetu, wale wanaopaka rangi kanisa waje kula, na mama akaapa kwamba kile chombo kitaishia chooni. Mtu mmoja alipopoteza ngoma ya chama, baba alimkana hadharani mtaa mzima ukisikia, akasema mwenendo wa namna ile si wa chama chetu. Maskini yule bwana alikuwa ameisahau ngoma kwenye baa tu.

Mimi ni binti yake wa pili. Nafundisha Kifaransa sekondari, na wakati huo nilikuwa bado naishi kwa wazazi, jambo lililowasumbua shangazi zangu kuliko uchaguzi wowote. Sikuwa mwanachama. Hata hivyo ripoti zake nilizipiga chapa mimi, kwa sababu yeye aliandika sentensi moja kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini bila kupumua, na kila ripoti ilituletea ugomvi. Aliniambia nina ulimi wa pilipili. Nilimwambia pilipili hiyo sikuirithi kwa mama. Tulipendana hivyo, kwa kurushiana maneno, na bado tunapendana hivyo.

Ng'ambo ya barabara, lango lake likitazamana na letu, alikaa fundi wa kushona. Babu yake alitoka Kasai, naye pia kwa kazi ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Katuba, kwenye lupango ule ule anaokaa mpaka leo: nyumba ya matofali, ua wa kufagia, barza yenye mashine ya kushonea. Mume wake alifariki zamani. Watoto wake mapacha walishakua, wanafanya kazi Kolwezi. Kwa sababu ya mapacha hao, hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa mama mapasa, na hilo kwetu ni jina la heshima.

Yeye na mama walikuwa kama sufuria na mfuniko. Walinunua unga pamoja, walisali katika kikundi kimoja cha parokia, na siku za sombe, majani ya muhogo, mmoja alitwanga na mwingine alipika, kisha ikagawiwa juu ya ukuta bila kuuliza nani alitoa mafuta. Mama alipopasuliwa tumbo, mama mapasa ndiye aliyetufulia nguo na kutugombeza mpaka aliporudi. Mimi alinishonea sare ya kwanza ya shule. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, akaniambia kosa ni la mkono wangu. Nampenda yule mama, nasema wazi, na hasira nitakayoisimulia hapa ilitoka katika kupenda huko.

Ni lazima nieleze kidogo habari ya mapacha, maana bila hiyo kosa la baba halitaeleweka. Watu wa kwetu kaskazini mwa Katanga na watu wa Kasai wana desturi hii sawasawa. Mama aliyezaa mapacha hupewa ruhusa ya kumtukana mtu yeyote kwa wimbo. Anaweza kumwimbia padri, mkwe wake, hata chifu, akataja tumbo lake, miguu yake, na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Anayetukanwa hakasiriki. Hucheka, hutoa zawadi kidogo, kisha wote huketi kula. Mama mapasa alikuwa bingwa. Katika harusi watu walimsukuma katikati, naye akaanza na masikio ya baba, ambayo kweli ni makubwa, na baba akatembea wiki nzima akijisifu kwamba ameimbwa.

Sasa msimu wa kampeni ukafika. Chama kilileta marobota ya vikwembe, zile kanga zetu za kufunga kiunoni, vyenye sura ya kiongozi wetu akitabasamu mbele na nyuma. Kina mama wa chama walitakiwa kuvishonesha mavazi ya mkutano mkubwa, na baba, kama kawaida, akampa kazi mama mapasa. Barza yake ikajaa nyuso. Alivifua kwanza ili vinywee kabla ya kuvikata, akavianika kwenye kamba, na upepo ukipita kiongozi alionekana akikonyeza jicho. Baba alipotoka asubuhi alivisalimia kwa kichwa. Niliona kwa macho yangu.

Jumapili moja, baada ya misa, vijana wa chama waliandamana mtaani. Mkuu wao alikuwa mtengeneza pikipiki mmoja mrefu, mtu mzima mwenye mke, ambaye baba alimsimamia ubatizo. Mimi nilikuwa chumbani nasahihisha imla. Nilisikia ngoma, nikasikia wimbo wa kiongozi ambao tulikuwa tumeuzoea, nikaendelea kuweka alama nyekundu. Halafu maneno yakabadilika. Walikuwa wamefika kati ya malango yetu mawili.

"Bageni barudie kwabo! Katanga iko na benyewe!"

Walirudia, wakicheka, na wageni waliokusudiwa ni watu wa Kasai. Nilipotoka nje walikuwa wameshapita, vumbi linashuka. Baba alikuwa kwenye barza yetu. Ng'ambo, mama mapasa alikuwa amekaa kwenye mashine, pini mdomoni, sura ya kiongozi imetandazwa magotini. Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga pedali. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, akainuka, akavuka barabara.

Baba alimwahi kabla hajafika kwenye ngazi.

"Mama mapasa, usikamate ile maneno ku roho. Ni ba-jeunes tu, bijana, balikunywa kidogo. Iyo ni nyimbo. Uikamate tu sawa nyimbo ya mapasa."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi impasukie, au angalau impasukie kwa muda, mpaka jioni. Kumwambia mwanamke huyo, kati ya wanawake wote wa Katuba, nini maana ya wimbo wa mapacha! Mama, aliyekuwa mlangoni na mwiko wa bukari, alifumba macho.

Mama mapasa hakupandisha sauti.

"Papa Prezida, mi njo nilizala mapasa, haiko weye. Nyimbo ya mapasa inatukana muntu, alafu inamuita akule. Ile ya leo inatukana, alafu inasema nitoke. Mi nakuuliza paka kimoja tu: ile nyimbo iko ya chama, ao haiko ya chama?"

Baba alikohoa. Alishika kola ya koti. Akasema, "Tutaangalia iyo maneno, mama." Mama mapasa akasema aksanti, akarudi kwake. Tangu siku hiyo swali lake lilikaa kwenye nyumba yetu kama mgeni ambaye hakuna anayemkaribisha wala kumwambia aende.

Wiki ile kipaza sauti kilikaa kimya juu ya kabati. Jirani mmoja alikuja kuomba kuku wake atangazwe, baba akamwambia betri zimeisha. Mama alimpakulia chakula bila neno, na mama asiposema neno bukari nayo huonekana ngumu. Mimi nilisema ya wote wawili. Nilimwambia chama kina wajibu wa kuwakana watu wanaotukana kwa jina lake. Nilimwambia kukaa kimya ni kuwapa ruhusa. Nilitumia maneno makubwa ya darasani, na nakiri niliyafurahia.

Baba hakuwa mjinga, na majibu yake hayakuwa ya kijinga. "Padri anaulizwa juu ya kila mulevi mwenye anaingia mu misa?" alisema. "Mi sikutunga ile nyimbo. Chama haikutunga. Nikianza kukana kila muntu mwenye anapiga makelele, nitalala saa ngapi? Alafu nikibakana, nimekubali asema beko betu."

"Si ni wenu, baba? Wamevaa mashati yenu."

"Shati anavaa ata mwizi."

"Yule wa ngoma ulimkana."

"Ngoma ilikuwa mali ya chama!" alisema, na papo hapo akajisikia mwenyewe. Alichukua kofia akaenda kutembea. Nilimwonea huruma, lakini si kwa muda mrefu.

Jumapili iliyofuata walipita tena. Wimbo ulikuwa ule ule, ila safari hii mmoja wao, hatukujua nani, aliokota tope la mfereji akalirusha kwenye barza ya mama mapasa. Halikumpata yeye. Lilipata kamba ya vikwembe, likatua katikati ya tabasamu la kiongozi, likateremka mpaka kidevuni. Mama mapasa aliingia ndani akafunga mlango. Baba safari hii hakuwapo, alikuwa kwenye mkutano wa parokia, nami nilikimbilia barabarani nikapiga kelele ambazo mwalimu hapaswi kupiga. Waliniambia niende kuolewa.

Keshoye mama alitoka kumwona rafiki yake, akarudi macho mekundu. Mama mapasa alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa na binamu huko Mbuji-Mayi, Kasai, mji ambao hajawahi kukanyaga maishani mwake, na binamu huyo amekubali kumpokea. Mashine ameifunika kwa shuka. Atangoja tu mapacha wapate ruhusa kazini waje kumsaidia.

Sisi watoto wa Lubumbashi tunajua habari za watu wa Kasai kufukuzwa Katanga, lakini tunazijua kama mambo ya wazee. Mama mapasa alikuwa msichana wakati ule. Familia yake ililala kituoni pamoja na wengine wengi, na vyungu na magodoro, wakingoja treni. Baba yake hakupanda. Alirudi na watoto wake Katuba kwa miguu, akakuta mlango umevunjwa, akautengeneza. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama mapasa akiongea habari hiyo. Siku hiyo alimwambia mama hivi, na mama akatuambia sisi mezani, akimtazama baba: "Ilianza paka vile vile. Kwanza ilikuwa nyimbo. Bantu bakubwa banasema ni batoto banaimba."

Baba hakumaliza sahani yake.

Halafu makao ya chama mjini yakampigia simu. Baba alivaa koti lake zuri, akaniomba nimsindikize niandike yatakayosemwa, na njiani nikaona uso wake umepata nuru kidogo. Alidhani wamesikia habari ya wimbo. Alidhani wakubwa watasema wao, na yeye atasoma tu walichosema. Nami nilidhani hivyo, nikawa tayari kula maneno yangu yote.

Mkubwa wa chama alitupokea katika ofisi yenye baridi ya mashine. Alikuwa amekasirika kweli. Alikuwa na picha kwenye simu, picha ya kikwembe chenye tope.

"Sura ya kiongozi, camarade! Matope ku sura ya kiongozi!"

Alitaka tangazo lisomwe kwenye mkutano wa Jumamosi, uwanja wa shule. Chama kinalaani vikali maadui waliochafua kikwembe. Chama kitawatafuta. Akanipa karatasi, ilikuwa imeshaandikwa, na Kifaransa chake, nasema kama mwalimu, kilikuwa safi. Hapakuwa na neno hata moja juu ya mwanamke aliyekuwa amekaa nyuma ya kikwembe kile.

Baba alishika kofia yake kwa mikono miwili. Aliuliza polepole, "Na ile nyimbo, mukubwa?"

"Nyimbo gani? Chama haikuandika nyimbo. Muntu akiimba yake, ni yake." Kisha akalainisha sauti, akamgusa bega. "Ba-jeunes, usibaguse sasa. Bo njo banajaza uwanja. Kisha uchaguzi tutabaongelesha."

Nilingoja baba ajibu. Alisema ndiyo, mukubwa. Tulitoka nje kwenye jua la mjini, nami nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumshika mkono kuvuka barabara, na nilimwona akivuka peke yake, koti linamlegea mabegani, mzee. Ghafla hasira ikanitoka nikabaki na uchungu tu. Nilimkimbilia. Nilimshika mkono, sikuuachia mpaka Katuba.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Kina mama wa chama walikuja na vikwembe vilivyofungwa kiunoni tu, kwa sababu havikushonwa. Mama alikuja na gauni lake la kanisani, akakaa mbele kabisa ili baba amwone hakuvaa kikwembe. Vijana walisimama upande wa lango na ngoma zao. Kwenye meza kulikuwa na mjumbe kutoka mjini. Mama mapasa hakuja, na kwa nini aje?

Baba alisimama na karatasi mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine. Alisoma salamu. Alisoma jina la chama na cheo chake. Alisoma, "Chama kinalaani vikali," kisha akanyamaza. Nilidhani macho yanamsumbua. Alikunja karatasi akaitia mfukoni, na alipoanza tena aliacha Kifaransa, akasema kama anavyosema nyumbani.

"Apa balinipatia barua juu ya kikwembe. Kikwembe, sabuni itaisafisha. Mi nataka kusema juu ya mama mwenye alikuwa anaishona. Bantu baliimba mbele ya lupango yake asema atoke. Banasema habako ba chama. Mi naona beko ba chama. Bako pale ku mulango, na mashati yetu. Niko najua majina yabo, mumoja nilimusimamia ku batizo. Basi nasema mbele ya bote: ile nyimbo, mwenye anaiimba asivae shati ya chama mbele yangu. Ule mama alizaliwa Katuba. Mi nilizaliwa Mitwaba. Kama ni muntu kutoka, mi njo natangulia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mbuzi mmoja alilia nyuma ya darasa. Halafu filimbi zikaanza upande wa lango, mtu akapiga kelele kwamba amelipwa na watu wa Kasai, na mjumbe wa mjini akamnyang'anya kipaza sauti, akasema kwamba hayo yalikuwa mawazo ya mzee binafsi. Watu walisukumana. Mama alipanda jukwaani, akamshika baba kiwiko, akamtoa pale kama mtu anayetoa godoro nyumba inapoungua. Mimi nilitembea nyuma yao nikilia na kucheka. Baba yangu yule, mwenye masikio yale. Sijawahi kujivunia mtu hivyo.

Kabla wiki mpya haijaanza alipigiwa simu kwamba mtaa umepata mwenyekiti mwingine. Hakulalamika. Ila asubuhi nilimwona amevaa koti, akalivua, akalivaa tena, kwa kuwa hakujua mtu asiye prezida huvaa nini.

Alikuwa bado kwenye shughuli hiyo lango letu lilipogongwa. Aliyegonga alikuwa mkuu wa vijana, yule mtengeneza pikipiki. Mama alishika mwiko. Mimi nilisimama kati yake na baba, sijui nikidhani nitafanya nini. Lakini yule mtu hakuja kwa shari. Alisimama uani akiwa ameshika kofia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia.

"Papa, ulinipatisha haya mbele ya bantu yote. Ata muke wangu alikuwa pale."

"We mwenyewe njo ulijipatisha haya," baba alisema.

"Hapana. Siku ya kwanza tulipita apa. Tulikuwa tunaimba nyimbo ya kiongozi, na we ulikuwa ku barza unacheza. Mi nilikuwa mbele, nilikuangalia. Tukabadilisha nyimbo. Ulikuwa unaendelea kucheza paka vile. Nikaambia benzangu, muone, Papa Prezida iko na sie."

Mama alishusha mwiko. Mimi nilimgeukia baba. Siku ile nilikuwa chumbani na imla zangu, na sikujua.

"Sikusikiliza maneno," baba alisema taratibu. "Nilikuwa nasikia ngoma."

"Sie tungejua namna gani, Papa? Ungesimamisha miguu tu, tungenyamaza."

Alivaa kofia akaondoka. Hakutukana, hakupiga lango. Baba aliketi kwenye ngazi. Wajibu wa chama, ambao nilikuwa nimemhubiria wiki nzima kwa maneno makubwa, ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi, na ulikuwa mdogo sana, kiasi cha miguu ya mzee mmoja. Niliketi kando yake.

Baadaye aliinuka akaelekea barabarani. Mama aliniambia, "Muende pamoja," nikamfuata.

Mama mapasa alikuwa barzani kwake. Mizigo ilikuwa imepangwa mlangoni, mashine iko chini ya shuka. Habari za uwanja wa shule alikuwa amezisikia, Katuba yote ilikuwa imezisikia, lakini hakuzitaja. Alimvutia baba kiti. Baba hakukaa.

"Mama mapasa, uliniuliza kama ile nyimbo iko ya chama. Nakuya kujibu. Ilikuwa ya chama."

Yeye alitikisa kichwa.

"Iyo nilijua, papa. Bichama mi nabijua tangu nilikuwa mutoto. Siku ile nilikuona unacheza. Nilikuwa nataka kujua kama iko yako."

Baba alishika mgongo wa kiti. Mtu huyu aliyetangaza kila kitu cha mtaa, mbuzi na maji na bukari, alilia mbele yangu. Machozi aliyaacha yashuke. Mwishowe alisema, "Nilikosea, mama. Haiko yangu," kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekuwa nyuma yake niliisikia kwa shida.

Mama mapasa alisogea karibu. Kisha akaona mfuko wa koti lake umechanika, labda katika kusukumana kule uwanjani, unaning'inia upande.

"Vua ile koti," alimwambia. "Unatembea namna gani vile?"

Alivuta shuka kwenye mashine, akaitupa juu ya mizigo, akatafuta uzi wa rangi inayofaa. Baba alikaa kwenye kiti na shati tu, mikono magotini, mpaka mfuko ulipokwisha.

Mama mapasa hakwenda Mbuji-Mayi. Mapacha walikuja, wakala, wakarudi Kolwezi. Vikwembe vya chama havishoni tena, vya chama chochote, na anayemletea huonyeshwa barabara. Na baba, ngoma zikisikika kutoka mbali, bado hutoka barzani kucheza kama zamani, maana miguu yake haijui kuzeeka. Lakini kwanza husimama wima, kiganja nyuma ya sikio, mpaka asikie maneno yote ya wimbo. Ng'ambo ya barabara mashine nayo husimama, na mama mapasa humtazama mpaka aamue.